Sahani Tupu

Magharibi mwa Beijing, chini ya mitaa
inakouzwa viazi vitamu vya kuchoma kwenye mapipa,
kuna pete ya chuma, na ndani ya pete
elektroni na pacha wake wa kinyume
hupishana mamilioni ya mara kwa sekunde,
na mara chache sana
hawapishani.

Shen Muqing yuko zamu ya usiku.
Ana chupa ya maji moto, soksi mbili mbili,
na swali moja alilolibeba miaka mitatu.
Kando yake fundi Geng Baotian,
aliyeziba mabomba ya kupoza sumaku
kabla Muqing hajazaliwa,
amelala kitini, sikio moja likilinda pampu.

Mesoni ya D, ambayo kwaki yake moja huitwa haiba,
haimalizi sehemu moja ya trilioni ya sekunde.
Wenyewe husema inaoza:
neno la jino, neno la papai,
ila papai hukupa siku mbili za kulinusa.
Hii huzaliwa imekwisha kuaga.

Lakini hapa hazizaliwi moja moja.
Ukiikamata ya kwanza kwa kaoni na pioni yake,
ukajumlisha nishati, ukalinganisha uzito, ukaridhika,
basi pacha wake yupo upande wa pili:
kiatu kimoja mlangoni huapa
kwamba cha pili hakiko mbali.

Viatu vya kushoto amevihesabu, milioni tatu.
Swali lake ni la vya kulia.
Je, kipo hata kimoja
kilichogeuka nuru mbili tupu, mgongo kwa mgongo,
kisiache nyuma chembe nyingine?

Nadharia inanong'ona: pengine kimoja katika milioni mia.
Na matapeli wapo. Pioni mbili zisizo na chaji
huzaa nuru nne; nuru mbili zikipotelea kwenye ufa,
mbili zilizobaki huja na kitambulisho cha kughushi,
zimechana nywele, zinasalimia vizuri.
Miaka mitatu Muqing amejifunza salamu zao.

Na dirisha la jibu limefunikwa.
Ndiyo sheria: usichungulie.
Mwenye njaa huona mkate kwenye kila jiwe.

Wakalifungua Alhamisi ya Machi, saa kumi jioni,
vumbi la njano la jangwani likikwaruza vioo.
Watu sita mezani, mmoja kwenye skrini kutoka Torino
akiwa bado na kahawa yake ya asubuhi.
Walitarajia matapeli sita na nukta nne.
Wakapata saba.

Saba.
Mtu akasema hongera
kwa sauti ya kwenye matanga.

Mama akapiga simu kutoka Lanzhou,
dukani, kati ya droo za mizizi na maganda.
«Umekipata?»
«Sijakipata. Ila sasa najua, kama kipo,
hakizidi mara mbili katika milioni.»
Kimya. Droo ikafungwa.
«Mimi kila asubuhi, kabla ya dawa ya mtu yeyote,
hupima sahani tupu. Baba yako alinicheka
mpaka siku aliyougua figo.
Andika hiyo mbili yako vizuri. Na ule.»

Akaandika. Aya moja, jedwali moja,
kosa la mizani na kosa la bahati kila moja mahali pake.
Geng Baotian akauliza kama pete izimwe;
akaambiwa hapana, mihimili mipya inaingia saa tatu.

Nje, muuza viazi alikuwa anafunga pipa lake.
Mizani yake, kabla haijawekewa kitu,
ilisoma gramu nne.
Muqing aliona.
Akatoa nne kichwani,
akalipa zote,
akala akitembea. Upande mmoja kilikuwa kimeungua.